Kivinjari cha Elikana

Mtu mmoja alikuwa na kivinjari, ile programu ambayo mtu huifungua kwenye simu ili afike kwenye kurasa za mtandao. Mtu huyo aliitwa Elikana. Alikitengeneza mwenyewe, akawapa watu wa mji wake wakitumie bure. Kilikuwa na nafasi moja ya kuandika unachotafuta, na chini yake hapakuwa na kitu. Watu wa mji ule walikuwa na simu za zamani na mtandao wa kusuasua, na walikipenda kwa sababu kilifunguka upesi na hakikumchanganya mtu.

Elikana alikuwa yatima. Mtaa mzima ulimlea: leo alikula kwa huyu, kesho akalala kwa yule. Kwa hiyo hakujua kumnyima mtu. Kocha wa timu ya mtaa alipomwomba aweke matokeo ya mpira, aliweka. Wakulima wakataka bei za vitunguu, akaweka. Katekista akaomba somo la siku, vijana wakaomba nyimbo. Hakuna lililokuwa baya. Kila alipoongeza kitu alijisikia kama mtu anayerudisha bakuli la jirani, na hakutaka lirudi tupu. Mwisho akaweka na picha yake mwenyewe, juu kabisa, ikitabasamu na kumkaribisha kila anayefungua. Mkewe, Sekela, alimwambia kioo cha simu kimejaa mno. Akajibu kwamba watu watazoea.

Aliyemlisha kuliko wote utotoni aliitwa Atuganile, fundi cherehani, ambaye sasa alikuwa analea mjukuu. Asubuhi moja mtoto yule alikunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Atuganile alijua kwamba hospitali ya wilaya ilikuwa na ukurasa unaoeleza la kufanya mtoto akinywa kitu cha sumu. Akafungua kivinjari. Likatokea somo la siku, kisha vitunguu, kisha mpira. Akabonyeza, wimbo ukaanza kupiga. Akabonyeza tena, simu ikaganda. Mtoto alikuwa analia. Basi akafanya alichowahi kusikia kwa watu: akamtapisha. Mafuta yakapita njia ya hewa, yakaingia kwenye mapafu.

Elikana alipopata habari alikwenda hospitali. Mtoto alikuwa hai, na mrija wa oksijeni puani, na kila pumzi yake ilisikika chumba kizima. Daktari alikuwa amekwisha kumweleza Atuganile kwamba hakupaswa kumtapisha, na kwamba hayo yameandikwa kwenye ukurasa wao. Atuganile hakuja juu. Alisogea, akampisha Elikana kwenye benchi, akampa simu aitazame, kama mtu anayemwonyesha fundi mahali kifaa kinapokwama. Elikana akaiona picha yake mwenyewe ikimtabasamia na kumkaribisha.

“Mwanangu,” Atuganile alisema, “uliyoyaweka ni mazuri yote. Lakini asubuhi ile sikuwa nimekuja kwako. Nilikuwa napita.”

Elikana alirudi nyumbani, akakaa, akaanza kutoa alivyoviongeza. Haikuwa kazi nyepesi, maana kila alichokitoa kilikuwa na uso wa mtu aliyewahi kumpa chakula. Alitoa mpira, akatoa vitunguu, akatoa nyimbo na somo la siku. Picha yake ilibaki ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyomchelewesha kabla hajaitoa nayo. Kocha aliacha kumsalimia. Katekista alisema kijana ameshikwa na kiburi. Elikana alipita nyumba kwa nyumba akawaeleza. Wengine walimwelewa, wengine hawajamwelewa hadi leo.

Mjukuu alipona, ingawa baridi ikianza hukohoa. Siku moja Elikana alipeleka suruali kwa Atuganile ikapunguzwe. Alimkuta ameegemea cherehani, simu mkononi, anasoma ukurasa wa hospitali kuhusu vifua vya watoto. Kidole chake hakikuhangaika. Alikuwa amefika alikokuwa anakwenda, wala hakukumbuka kwamba kuna mtu aliyemfikisha. Elikana alisimama mlangoni na suruali yake mkononi. Moyo ulimuuma kidogo, kisha ukatulia, na hakubisha hodi mpaka mama yule alipomaliza kusoma.

Nanyi mliokabidhiwa kusimama kati ya watu na kile wanachokihitaji, je, mmewapenda kiasi cha kuridhika wapite bila kuwatazama ninyi?