Mbegu ya Mtawa

Apeni kwanza kwamba haya hayatoki hapa. Mmeapa? Haya. Mimi mwenyewe nimeshawaambia majirani wawili, lakini nyie nyamazeni.

Kijiji kilikauka, na mtoto wa Siwatu alikuwa akififia kwa njaa. Akapita mtawa wa Buddha, kichwa kimenyolewa, akampa Siwatu mbegu moja. "Imwagilie kila asubuhi, mwanangu, na uiamini. Siku ya saba itazaa chakula cha kijiji kizima."

Siku ya pili, kimya. Siku ya nne, kimya. Siku ya sita, kimya, na mtoto hainui tena kichwa.

"Kuna zimwi linaila!" watu wakalia. Adhuhuri wakajificha nyuma ya ua na marungu yao. Mara wakaona mkono unafukua udongo. Wakaruka.

"Heh! Zimwi gani hili limevaa kanga ya Siwatu?"

Siwatu huyo, mbegu kiganjani. "Nilikuwa naangalia tu kama imeota. Kila siku naangalia."

Hapo mbegu ikasema, wote wakisikia: "Mama, kila siku natoa mzizi, na kila siku unaukata. Nimebakiwa na mmoja."