Kopo la Siwema

Mtu mmoja wa Tabora, jina lake Mrisho, alikuwa na dada aliyecheza sinema. Dada huyo aliitwa Siwema. Alicheza nyingi, lakini ni moja tu iliyosalia, na ya hiyo moja ilibaki nakala moja: mkanda mrefu uliozungushwa ndani ya kopo la bati. Siwema alipofariki, Mrisho ndiye aliyekabidhiwa kopo.

Hapo mwanzo, kila ilipofika siku ya kumkumbuka, Mrisho aliuonyesha mkanda katika ukumbi wa mji. Wanawake walikuja wamejifunga kanga kama Siwema alivyojifunga. Sinema ilipofika mwisho, pale anapomwacha mume katili na kuvuka uwanja bila kugeuka nyuma, waliyasema maneno yake pamoja naye, kwa sauti moja. Kisha walirudi nyumbani wakitembea kama yeye.

Mrisho hakuwa akitazama. Alikaa kando ya mashine, akiisikiliza, maana alijua kwamba kila mkanda unapopita, meno ya mashine hula kitu. Mwaka mmoja mchirizi mweupe ulishuka shavuni mwa dada yake. Mwaka mwingine mkanda ulikwama katikati ya mwendo ule wa mwisho, taa ya mashine ikauunguza, na watu wote wakaona tundu likifunguka kifuani pa Siwema na kupanuka. Mrisho alikata palipoungua, akaunganisha. Tangu hapo, Siwema alipofika katikati ya uwanja aliruka kidogo, kama mtu anayekwepa dimbwi.

Aliuonyesha miaka michache zaidi. Halafu akalifunga kopo, akazungushia mfuniko utepe, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. "Mwakani," aliwaambia wanawake. Mwaka uliofuata aliwaambia vilevile. Sokoni wakamtania: Mrisho amemzika dada yake mara mbili. Yeye hakucheka. Aliogopa panya, aliogopa mvua, aliogopa wezi. Chumba kilipoanza kunuka siki, alidhani ni achari ya mkewe, Kalunde, akamgombeza. Kisha akaongeza utepe, hewa isipite.

Siwema alikuwa ameacha mtoto wa kubebwa mgongoni, Nyamizi, aliyekwenda kulelewa mbali kwa baba yake. Nyamizi akakua, akazaa, na siku moja akabisha hodi na mtoto wake mgongoni.

"Mjomba, nimekuja kumwona mama. Sauti yake siijui."

Mrisho alitazama uvunguni, akatazama mlango. "Mkanda ule ukikatika, mwanangu, tutamwona nani tena?"

"Na sasa, mjomba, tunamwona nani?"

Mrisho alipiga magoti kando ya kitanda. Alilivuta kopo, akabandua utepe, tabaka baada ya tabaka. Mfuniko ulipotoka, harufu ile ya siki iliwachoma macho. Mkanda, kwa kufungiwa bila hewa, ulikuwa umeoza, umejikunja na kugandana, na alipougusa ulimeguka kama ganda la yai. Aliinua kipande kwenye mwanga wa dirisha. Hakukuwa na uso. Mrisho akaketi sakafuni na kile kipande mkononi, asijue akiweke wapi.

Kalunde alikuwa mmoja wa wanawake wale wa ukumbini. Hakumlaumu mumewe. Alitoka nje hadi uani, akaifunga kanga yake upande, akainua kidevu, akaanza kutembea. Maneno ya Siwema yalimjia, moja, kisha jingine, kisha yakakatika, akasimama akiyatafuta, asiyapate. Akaendelea kutembea bila maneno. Na alipofika katikati ya ua, aliruka kidogo.

Hapakuwa na dimbwi pale. Mrisho alipajua mahali hapo. Ndipo alipoukata mkanda.

Nyamizi alimpa mjomba wake mtoto, akamfuata Kalunde nyuma, hatua kwa hatua, na alipofika katikati, naye akaruka.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mliokabidhiwa kitu mkakifunga kwa hofu ya kukichubua: chumbani kwenu kunanuka nini leo, na ni nani bado anaukumbuka mwendo?