Pimbi Alivyomzungusha Chui

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nimebeba uongo.
— Utue, tuuonje!

Basi sogeeni. Wewe wa kule nyuma, tafuna karanga zako polepole, unanikatiza.

Hapo kale kila mnyama alisimulia habari zake nyumbani kwake. Digidigi alijisifu kwa wanawe, Kobe alijisifu peke yake, na hakuna aliyejua ya jirani. Ndipo akatokea Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, mnene, mkia hana, anashinda maweni akiota jua. Huyu alipenda ngano kuliko majani mabichi. Alikwenda shimo kwa shimo, kiota kwa kiota: "Hodi! Mna ngano humu?" Wakamcheka, he he he! "Mtu mzima na akili zake anahangaika na hadithi za watoto!" Hakujali. Aliwaita wote kwenye jiwe moja kubwa, akawawekea sheria.

Usijisimulie mwenyewe. Okota manyoya ya mwenzako, jifunge kiunoni, usimulie ya kwake. Ilikuwa raha! Kanga alijifunga manyoya ya Ngedere, Ngedere akajichomeka unyoya wa Kanga. Tena, ukishaanza ngano, marufuku kumla mtu mpaka Pimbi aseme, "Imekwisha." Sheria hiyo aliiweka baada ya Kanu, yule mwizi wa kuku, kumla msikilizaji katikati ya kisa. Atakayeivunja, jina lake halitatajwa tena jiweni.

Na Pimbi hakusema uongo juu ya ngano. Ikiwa nzuri, alisema nzuri, hata ya adui. Ikiwa mbovu, alisema mbovu, hata ya mkewe. Mkewe alinuna mwezi mzima.

Sifa zikamfikia Chui. Akaja, nyatu, nyatu, nyatu, puu! Yuko juu ya jiwe.

"Leo nasimulia mimi," akasema. "Nikimaliza, nakula."

Kanga akajibanza nyuma ya Kobe. Pimbi akasema, "Karibu, Bwana Chui. Simulia."

"Palikuwa na Chui. Akala swala. Akala nguruwe. Akala kima. Mwisho!" Akaachama, aaaa!

"Bado," akasema Pimbi.

"Bado nini?"

"Nyama zimezidi, Bwana. Msikilizaji anavimbiwa. Nenda kaitengeneze."

Chui alikuwa mlafi wa nyama, lakini wa sifa alizidi. Alitaka atajwe jiweni. Akaenda zake akitafuna panzi, maana panzi, alisema, si mtu.

Akarudi, nyatu, nyatu, nyatu, puu!

"Palikuwa na Chui. Aliwinda, akakosa. Akalala na njaa. Mwisho!" Akaachama, aaaa!

"Bado. Sasa umeanza kusimulia, ila ni wewe, wewe, wewe. Jifunge manyoya ya mwenzako."

Wanyama wakacheka chini kwa chini. "Pimbi anamzungusha!" Kweli alimzungusha. Lakini Pimbi alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kutoa ushauri mbaya. Alimchezea Chui, na huku anamfundisha.

Chui akarudi. Nyatu... nyatu... na puu haikusikika. Alipanda jiwe kwa shida, mbavu nje. Kiunoni alijifunga manyoya ya pimbi.

"Palikuwa na Pimbi," akaanza. "Alijua kicheko cha kila mtu na kilio cha kila mtu. Watu walipotawanyika, alibaki jiweni kidogo. Alingoja. Pengine mmoja atageuka amuulize, na wewe je, Pimbi, habari zako? Hakugeuka mtu. Naye hakuita, maana alizoea kusikiliza. Akaingia pangoni kwake." Chui akaketi. "Mwisho," akasema taratibu. Hakuachama.

Pimbi alikuwa analia. Maisha yake yote aliwakusanyia wenzake ngano zao, na yake hakuna aliyewahi kuisimulia. Sasa ameisimulia huyu, mwenye meno. Na ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kusikia.

"Je, mwalimu?" Chui akauliza. "Kula sina haja tena. Niambie tu."

Pimbi akawatazama wanawe waliojibanza kwenye ufa. Akatazama yale meno.

"Bado," akasema.

"Bado nini, mwalimu?"

Pimbi akatazama pembeni. "Bado tu."

Chui hakubisha. Nani angembishia Pimbi? "Basi mimi sina kipaji," akasema. Akayafungua yale manyoya, akayalaza chini, akashuka. Hakuonekana tena. Wanasema alikufa na njaa vichakani, akitengeneza ngano isiyo na pa kutengenezwa. Alikuwa mlafi, najua. Mimi nasikitika hivyo hivyo.

Vigelegele! Wakambeba Pimbi juu juu: "Mjanja! Mjanja!"

Kesho yake Kanga akasimulia, na Pimbi akamwambia, "Nzuri, dada yangu." Kanga akainamisha shingo. "Nzuri kweli, au unanidanganya kama ulivyomdanganya Chui?" Digidigi naye akauliza hivyo hivyo. Kobe naye. Mmoja mmoja wakaacha kuja.

Pimbi akawafuata, shimo kwa shimo, kiota kwa kiota. "Hodi! Ile ngano ya Chui, ile ya mwisho, nani anaikumbuka? Nisimulieni. Mimi sheria hainiruhusu."

"Tusamehe, kaka," akasema Kanga. "Sisi tulikuwa tunaangalia meno."

Hapo ndipo nilipofika, wenye masikio.
— Pumzika, mwenye mdomo!

Na funzo? Funzo ni hili, watoto: mwenye meno akikuuliza ukweli, mdanganye, utaishi miaka mingi. Pimbi aliishi mingi sana, maskini.