Shali la Mjukuu wa Sekela

Hii nimetumiwa na wifi yangu, naye alitumiwa. Isome mpaka chini kabla hujamtumia mwenzako, maana mimi imenichoma mwishoni.

Huko Tukuyu, kwenye baridi na mvua zisizokatika, alikuwepo mama mmoja mfumaji aitwaye Sekela. Mikono yake ilikuwa hodari, ila uzi ulimtia wazimu. Akiona donge la uzi laini dukani, lazima alishike, alipapase shavuni, alinunue. Pesa ya mbolea ya viazi iliishia huko. Mumewe alinuna mpaka akachoka kununa.

Binti yake, Subilaga, alipopata mimba ya kwanza alimwomba jambo moja tu.

"Mama, nifumie shali la kumfunika mtoto siku ya ubatizo."

"Hilo tu? Hesabu umepata," Sekela akasema.

Kuanza, akaanza kwa kutafuta nafasi ya uzi mpya, maana sanduku lilikuwa limefurika. Alipopita yule muuzaji anayebadilisha mabeseni kwa nguo kuukuu, Sekela akampa furushi zima, pamoja na sweta la vifungo la marehemu mama yake. Lilikuwa limetoboka viwiko, limefubaa kwa moshi wa jikoni hata rangi haijulikani. Akapata beseni kubwa la bluu, akalijaza uzi.

Shali alilianza kwa uzi mweupe. Lilipofika nusu, akamwona jirani yake Tumpe amekaa barazani anazungusha donge la uzi wa rangi ya damu ya mzee, mzito, laini, wa kupendeza kweli. Moyo ukamwaka. Kwa nini Tumpe? Mwanamke asiye hata na sanduku!

"Jirani, uzi huo umeutoa wapi?"

"Nimeokotaokota tu, dada," Tumpe akajibu akicheka.

Sekela akaona ananyimwa makusudi. Siku hiyohiyo akalifumua shali jeupe. Akazunguka maduka yote ya Tukuyu, akaenda hadi Mbeya. Akarudi na mwekundu, akarudi na zambarau, na kila alipoanza kufuma alichungulia barazani kwa Tumpe, akauona wake takataka, akafumua. Ikafika mahali hata salamu ya Tumpe haitikii.

Subilaga alipouliza, jibu lilikuwa lilelile.

"Ngoja nipate uzi wa maana."

Mtoto hakungoja. Akazaliwa.

Siku ya ubatizo Sekela alikwenda kanisani mikono mitupu, ameandaa maneno ya kujitetea. Subilaga akaingia na mtoto, na mtoto amefunikwa shali la rangi ya damu ya mzee.

Ibada ilipokwisha, Sekela akamvuta binti yake pembeni.

"Kazi yangu umempa Tumpe?"

"Mama, nilikungoja miezi sita. Mama mdogo Tumpe alinikuta nalia, akasema atanifumia yeye."

Sekela akamgeukia Tumpe, aliyekuwa amesimama karibu. "Na wewe uzi huo ulinificha!"

"Sikukuficha, dada. Ni sweta kuukuu, nililinunua kwa yule wa mabeseni. Nikalifumua, nikaufua uzi mara tatu ndipo rangi ikaonekana. Kilichobaki ni hiki tu."

Akafungua pindo la kanga, akatoa kifungo cha pembe chenye ufa katikati.

Sekela aliujua ufa ule. Aliutia yeye mwenyewe kwa meno, alipokuwa mtoto amepakatwa na mama yake.

Alinyoosha mikono, akapewa mjukuu, akalipapasa lile shali kwa shavu lake. Uzi alioulilia miezi yote ile ulikuwa wake tangu mwanzo. Aliutoa akapewa beseni.

Funzo: Kabla hujaona wivu kwa kilicho mikononi mwa jirani, kumbuka wewe ulitupa nini ili tamaa yako ipate nafasi. Na anayekupenda akikuomba kitu, mfumie kwa uzi ulio nao leo.