Maalim Huraithi na Tundu la Joko

Imepokewa kutoka kwa watu wa kheri waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja kando ya mto Dajla aliishi mfinyanzi mchamungu aitwaye Maalim Huraithi bin Sahli. Alikuwa mtu wa swala na saumu, na vigae vyake vya rangi ya samawati vilipamba misikiti ya miji mitatu. Karakana yake ilikuwa na mafundi kumi na mmoja. Wote walijua kukanda udongo, kufinyanga na kupaka rangi, ila hakuna hata mmoja aliyejua kuchoma. Ada ya karakana ile ilikuwa kwamba anayechungulia kwenye tundu la joko, yaani tanuri la kuchomea vyombo, na kuupima moto kwa jicho ni Maalim peke yake. Mwingine akilikaribia, Maalim alikohoa kidogo, na yule mtu akarudi nyuma.

Kila mwaka msafara wa mahujaji ulipopita, Maalim aliusindikiza hadi lango la mji, kisha akarejea kazini. Akiulizwa mbona yeye haendi, husema, "Nani atachoma?" Hali hiyo iliendelea mpaka akatimiza miaka sitini na minne, na afya anayo, na uwezo anao.

Siku moja wakila chakula cha mchana, mkewe, Bi Umaima, mwanamke mwenye elimu na ulimi usiozunguka, alimwambia, "Mume wangu, siku ukifa, joko nalo tulizike pamoja nawe?"

"Astaghfirullah! Maneno gani hayo, mke wangu?"

"Nauliza tu. Maana Hija huendi kwa ajili yake, na kaburini hutaulizwa kama una nafasi."

Maalim aliacha tonge sahanini akatoka. Inasemekana alilia njiani, kwani alijua ndani ya nafsi yake kwamba miaka yote ile hakuwa akiilinda kazi, alikuwa akijilinda mwenyewe. Alipenda kuhitajiwa. Na hayo, ndugu zangu, ni maradhi yetu sisi tunaoitwa walimu, wala nisijitoe.

Alasiri ile ile alimwita Shaddadi bin Nufaili, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyekanda udongo pale kwa miaka kumi na miwili bila kupandishwa daraja. Wenziwe walimwona mzito. Lakini Maalim alikuwa amemwona akipita kando ya joko, akiyagusa matofali yake kwa kiganja, kisha akitikisa kichwa peke yake.

"Shaddadi," akamwambia, "njoo uchungulie."

Shaddadi aligeuka kutazama nyuma, aone ni Shaddadi yupi anayeitwa.

Akaanza kumfundisha. Kila alichouliza Shaddadi, Maalim naye humuuliza, "Wewe waonaje?" Baada ya miezi miwili alimwachia joko zima la mabakuli ya jikoni, akakaa kando. Moto ulikwenda vizuri. Kesho yake Shaddadi, kwa hamu ya kuiona kazi yake, alianza kutoa matofali yaliyoziba mlango kabla joko halijapoa. Maalim aliuona mkono wake. Alikuwa amemwonya juu ya jambo hilo, tena si mara moja. Akafungua kinywa, akakifunga, akaenda zake uani akaleta istighfari hadi vidole vikachoka. Upepo wa baridi ukaingia jokoni, na mabakuli yakapasuka moja baada ya jingine, mlio wake ukisikika mpaka barabarani.

Mafundi walikuja juu. Mmoja akasema, "Maalim, ulimwona kwa macho yako! Mbona hukumzuia?"

"Nilimwambia, masikio yakasikia," akajibu. "Leo mkono wake umesikia. Nilimpa mabakuli nikijua naweza kuyapoteza. Hasara ni yangu, na asilaumiwe na mtu."

Shaddadi alikuwa tayari anafunga vitu vyake aondoke. "Maalim, nitakuharibia jina," akasema.

"Jina hilo nimelibeba miaka arobaini, limenichosha. Panga joko."

Haukupita mwaka, Shaddadi akachoma vigae vya samawati visivyo na mfano. Maalim alivigeuza huku na huku, machozi yakimlengalenga, kisha akatoka navyo kuwaonyesha majirani kama mtu aliyepata mjukuu.

Ndipo mtihani ulipokuja. Zilibaki siku tatu msafara wa Hija uondoke, na safari hii Maalim alikuwa amefunga nia. Akaja Sheikh Abu Rijaa, msimamizi wa wakfu wa Msikiti wa Ijumaa, ameshika kimoja kati ya vigae vile, akidhani ni kazi ya Maalim.

"Maalim Huraithi," akasema mbele ya mafundi wote, "katika vyote ulivyochoma maishani mwako, hiki kimevipita. Nataka mihrabu yetu mpya itoke kwa mkono uliochoma kigae hiki. Hija iko mwakani pia."

Shaddadi aliinamisha kichwa; kwa adabu yake asingefungua kinywa hata iweje. Maalim angenyamaza tu, sifa ingebaki kwake, na hakuna ambaye angemwita mwongo. Akisema kweli, mji mzima ungejua kwamba mkanda udongo amempita. Ilimwuma, tusidanganyane. Alivuta pumzi, akasema:

"Sheikh, mkono unaoutaka uko nyuma yako, umejaa udongo. Kigae hicho ni cha Shaddadi, tangu ukuni wa kwanza hadi tofali la mwisho."

Sheikh akashangaa. "Na wewe unakiri mbele ya watu wako kwamba amekupita?"

"Amenipita, wallahi, na sijapata kujivunia kitu hivi tangu nizaliwe. Nimechoma vigae maelfu, na vingine vimekwisha kubanduka ukutani. Mtu huyu ndiye kazi yangu ninayoitarajia mbele ya Mola wangu."

Sheikh Abu Rijaa akamwendea Shaddadi, akakiweka kigae mikononi mwake, akamuuliza kwa heshima, "Mihrabu itakuwa tayari lini, Maalim?"

Kabla Shaddadi hajajibu, mzee Huraithi alisema kwa sauti kubwa, "Alhamdulillahi!"

Siku ya tatu akaondoka na msafara.

Enyi mliopewa watu wa kuwaongoza, wako miongoni mwetu wanaolala na hofu ya kupitwa na wanafunzi wao. Tumwombe Mwenyezi Mungu atuponye na hofu hiyo, na kabla hajatuita kwake atuonjeshe, japo mara moja, furaha ya mzee yule siku aliposikia mtu mwingine akiitwa kwa jina lake la heshima, naye akashukuru. Amin.