Cherehani ya Mama Otmari

Niambieni, ninyi mliokaa hapo: mtu anayelipwa ukiumwa, atakuponya? Na mtu anayelipwa usipoumwa, atakubali kwamba unaumwa? Msikimbilie kujibu. Jibu la haraka ni jibu la aliyetumwa.

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, ya watu wenye simu mbili na bando la kuunga, palikuwa na mji mdogo uitwao Likwambe. Zahanati ya serikali ilikuwepo, ina kufuli jipya na kabati tupu. Iliyokuwa ikifunguka ni ile ya mtu binafsi, mzee Erasto Ndunguru. Tabibu wake alikuwa dada mmoja, Sigfrida Komba, mkono mwepesi, mdomo mzito.

Na palikuwa na fundi cherehani, Bi Batlida, mji mzima ukimwita Mama Otmari. Alishona sare za shule, suruali za harusi na magauni ya kipaimara, kwa cherehani ya kukanyaga, barazani pake. Baba Otmari alishatangulia. Watoto watatu walikula kwa mguu wa mama yao.

Siku moja Mama Otmari akaenda zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dokta, mguu unanichoma kama nimekanyaga majivu ya moto, na kiu haikatiki."

Sigfrida akamuuliza maswali, akamgusa unyayo, akamwambia, "Leo sikupi dawa, mama. Njoo kesho asubuhi hujala kitu, nikupime sukari."

"Sukari? Nimekuja na mguu, wewe unanipeleka kwenye chai?"

"Ndiyo, mama. Kesho asubuhi."

"Hata sindano moja?"

"Hata moja."

Mama Otmari akatoka akisonya. Akasema kwa sauti ya kufika sokoni, "Dokta gani asiyechoma? Unakwenda mgonjwa, unarudi na ushauri!" Kesho yake hakwenda. Alinunua vidonge vya rangi mbili dukani, akameza, akakanyaga cherehani.

Wala hakuwa peke yake. Mwenye mafua aliambiwa anywe maji apumzike, akasonya. Mwenye mgongo aliambiwa apunguze kubeba ndoo, akasonya. Mwisho zahanati ikabaki na mbuzi waliojificha mvua. Mzee Ndunguru akafunga. Akafunga miezi minne, na katika miezi hiyo wanawake wawili walijifungulia njiani kuelekea wilayani, na mmoja akarudi mikono mitupu. Mtakapomsema mzee, na hilo mliseme.

Ndipo akaja Gervas. Gervas Luambano, kijana wa suti ya bluu inayombana mapaja, laptopu kwapani, shahada ya biashara, kazi yake kufufua zahanati zinazokata roho. Nani alimleta? Wengine walisema ni benki. Wengine walisema ni mpwa wa mtu. Mwenyewe alisema ametumwa na stakeholders. Mtu akikutajia stakeholders, nenda nyumbani ukahesabu kuku wako.

"Mzee," akasema Gervas, "wewe huna tatizo la wagonjwa. Una tatizo la business model. Unauza ushauri, na ushauri Likwambe hauna mnunuzi. Uza vipimo. Uza dripu. Kila anayeingia apimwe malaria na taifodi, kila anayetoka atoke na kitu mkononi."

"Na ambaye hana malaria wala taifodi?"

"Mzee, kila mtu anayo. It's just a matter of testing."

Zahanati ikafunguliwa, imepakwa rangi. Na tazameni maajabu! Mji mzima ukaugua. Mwalimu mkuu, taifodi. Paroko, taifodi. Mwenyekiti wa kitongoji na mkewe, taifodi kwa siku moja. Muuza mkaa aliingia kuuliza kama wanahitaji gunia, akatoka na taifodi. Na watu, jamani, watu walifurahi! Walitembea na bahasha za dawa kama waliopata vyeti.

Mama Otmari akarudi.

"Dokta, mguu unanichoma kama nimekanyaga majivu ya moto, na kiu haikatiki."

Sigfrida akatazama meza. "Taifodi, mama."

Akalazwa kitanda cha dirishani, akatundikiwa dripu. Dripu ya nini? Ya maji ya sukari. Mwili ulioshindwa na sukari ukaongezewa sukari kwenye mshipa, na mwenyewe anayatazama matone yakishuka, anasema, "Sasa hapa nimetibiwa!"

Lakini mji unaotibiwa hivyo haukawii kukauka mifuko. Mwaka haujaisha, watu wakaanza kuugulia nyumbani. Gervas akarudi na slaidi mpya.

"Mzee, tunageuza. Kifurushi. Kila kaya inajiandikisha, inalipa kidogo kila mwezi, waje wasije. Wakiwa wazima, tumekula. Wakiumwa, tunawatibu. Anayehitaji hospitali ya wilaya tunamwandikia barua ya rufaa, na gharama za kule tunabeba sisi. Win-win."

Sigfrida alikuwa amesimama mlangoni. "Hizo win mbili nimezisikia. Ya mgonjwa ni ipi kati yake?"

Gervas akacheka. "Dada, una akili nyingi kuliko chumba chako."

Likwambe ikajiandikisha, Mama Otmari miongoni. Na tazameni maajabu ya pili! Ugonjwa ukahama mji. Mwalimu mkuu, mzima. Paroko, mzima. Mwenye kifua akaambiwa ni vumbi. Mwenye kizunguzungu akaambiwa ni jua. Muuza mkaa alitapika pale pale mlangoni, akaambiwa awe anakula mapema. Taifodi ilipanda basi gani, na nani aliiaga?

Wakubwa wa afya wakaja kutoka mkoani kwa gari jeupe. Wakasoma ripoti: wagonjwa wamepungua, rufaa karibu hakuna. Wakapiga picha na mzee, wakapiga picha na Gervas, wakabandika cheti ukutani: Zahanati ya Mfano. Mbu ni wale wale, maji ni yale yale, watu ni wale wale, na katika wote wale waliovaa vitambulisho shingoni hakuna aliyejiuliza ugonjwa umekwenda wapi. Au walijiuliza, wakajijibu garini, vioo vimefungwa.

Mama Otmari akaja mara ya tatu, anachechemea. Pedeli ya cherehani ilikuwa imemchuna kidole gumba, na kidonda kilikuwa na wiki tatu.

"Dokta, mguu ulikuwa unanichoma. Sasa hauchomi. Hata kidonda chenyewe sikisikii."

Sigfrida akakitazama muda mrefu. Alijua anachokitazama. Lakini kwenye mkataba mpya Gervas alikuwa ameweka kifungu: kila barua ya rufaa inayozidi tatu kwa mwezi inakatwa kwenye mshahara wa tabibu. Na tatu zilikwisha.

Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nenda hospitali ya wilaya. Leo. Usiseme nimekutuma."

"Na barua?"

"Nenda tu, mama."

Akaenda. Kule dirishani akaulizwa, "Barua ya rufaa iko wapi?" Hana. "Umeandikishwa Likwambe, rudi Likwambe wakuandikie." Akarudi Likwambe jioni, amechoka, ana aibu ya mtu aliyefukuzwa dirishani, akasema moyoni: kama ungekuwa ugonjwa wa kweli, dokta angeandika. Akakanyaga cherehani siku kumi na mbili nyingine. Safari ya pili alipelekwa kwa bodaboda, amefungwa na kanga kwa dereva asianguke. Safari hiyo hakuulizwa barua. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Aliporudi, watu wakajaa barazani pake. Mzee Ndunguru alikuja na mfuko wa unga. Gervas alikuja na bahasha. Sigfrida alikuja mikono mitupu. Mama Otmari akatazama unga, akatazama bahasha.

"Rudisheni. Mimi sitaki mchango. Macho ninayo, mikono ninayo. Mguu uliobaki nao umeanza kuchoma, na daktari wa wilaya amesema nikiukanyagisha nitaupoteza. Nina sare arobaini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nisipozimaliza, Otmari hasomi. Kwa hiyo nataka mguu. Mmoja wenu atakuja hapa kila asubuhi, atakaa kwenye kigoda hiki, atakanyaga, mimi nitashona. Mpaka Otmari amalize shule. Ni nani?"

Wa kwanza kusema alikuwa Sigfrida. "Mama, nilikuambia kweli siku ya kwanza, ukanisonya. Siku ya mwisho nilikuambia uende, na ningefukuzwa kazi kama ungenitaja. Kati ya hawa wote, ni nani mwingine aliyejaribu? Asiye na kosa kubwa asibebeshwe pedeli."

"Kweli ilipokuwa haikugharimu, uliitamka," Mama Otmari akasema. "Ilipokugharimu, ulininong'oneza."

Mzee Ndunguru akakohoa. "Mimi nilikuwa na zahanati ya kweli, ninyi mkaiua kwa misonyo. Nikawapa dripu, mkanishangilia. Mlitaka nini? Nikikaa hapa kukanyaga, nani atafungua ule mlango? Mnataka wazazi wajifungulie njiani tena? Halafu mimi ni mtu wa miaka sabini na moja, huu mguu una gauti."

Mtu akapaza sauti nyuma, "Hiyo gauti ulipimiwa wapi, mzee? Kwako?"

Watu wakacheka, hata Mama Otmari akacheka kidogo.

Gervas akafunga kifungo cha koti. "Mimi sijawahi kumgusa mgonjwa. Sijaandika dawa. I only designed the system. Na kwenye slaidi ya kumi na nne niliandika wazi: kila anayejiandikisha apimwe sukari na presha, bure. Mzee ndiye aliyeifuta."

"Si wewe uliyesema kila kipimo kinakula faida?" mzee akamkatiza.

"Nilisema kila kipimo kisicho cha lazima."

"Na cha lazima nitakijuaje mimi, mfanyabiashara?"

Wote wakamgeukia Sigfrida. Sigfrida akatazama chini, kama alivyozoea kutazama meza.

Ndipo akasimama Bi Redempta, fundi mwenzake Mama Otmari, waliochangia mkasi miaka kumi. "Na mimi niseme, shoga yangu, unisamehe. Uliitwa asubuhi moja tu, tumbo tupu. Hukwenda. Kutoka hapa hadi zahanati ni hatua mia mbili. Na sisi tulicheka pamoja nawe, tukasema kweli, dokta gani huyu."

Mama Otmari akaushika ukingo wa cherehani.

"Asubuhi ile nilikuwa na sare za kumaliza," akasema. "Kwa hiyo nijikanyagie mwenyewe?"

Kigoda kipo, kitupu, na kitambaa cha samawati kimeshawekwa chini ya sindano.

Haya, jibuni ninyi. Yupo tabibu aliyejua, akanong'ona. Yupo mwenye zahanati aliyeiweka hai zahanati kwa kuwalaghai watu wake. Yupo mtaalamu aliyechora njia bila kuikanyaga. Upo mji uliosonya ukweli ukashangilia dripu. Yupo mwenyewe, aliyeitwa asubuhi moja. Je, ni mguu wa nani unaostahili kukanyaga pedeli ile?

Na ninyi wa gari jeupe, msijifanye wasikilizaji. Mliipokea ile karatasi ya mji usiougua, mkapiga makofi. Njooni Likwambe mkibandue cheti chenu kwa mikono yenu, mtuambie hadharani ni nani kati yenu aliyeisoma ile ripoti na alifikiri nini. Kisha mvue viatu. Sisi tunaendelea kubishana. Ninyi mtakanyaga mpaka tupate jibu.