Tuta Moja la Itundwe

Sogeeni huku ndani kidogo, iacheni barabara peke yake, kisha mnisikilize. Hadithi yangu haina sungura wala mfalme. Ina watu watatu wa Itundwe, kijiji changu, na mimi ndiye mwenyekiti wake, mama mwenye muhuri mmoja na kiti kibovu. Nikimaliza nitawauliza swali. Atakayejibu haraka nitamfukuza, maana atakuwa hajasikiliza.

Itundwe ni kijiji chembamba. Barabara kuu ilikuja ikatupasua: nyumba zikabaki upande huu, na kila tunachokihitaji kikabaki upande ule. Juu kabisa iko shule. Katikati liko bomba la maji. Chini kwenye mteremko yako makaburi. Ndiyo, kwetu hata maiti huvuka barabara. Na kwa kuwa malori hayamsubiri mtu, tumezoea kuvuka na jeneza mbio. Wenzetu huzika kwa mwendo wa heshima, polepole. Sisi mmoja hutangulia, anatazama kushoto, anatazama kulia, anapiga kelele "Sasa!", na marehemu anakimbizwa. Mgeni akituona hucheka, halafu anaona aibu.

Haya, watu wenyewe. Wa kwanza ni Ndahani, muuza vitumbua. Mungu alimjalia miguu. Akiamua kufika, atafika.

Wa pili ni Mzee Lubeleje, fundi viatu, banda lake liko ukingoni mwa lami. Yeye alijaliwa kumbukumbu. Kitu kikishapita mbele ya macho yake, hakitoki tena kichwani.

Wa tatu ni Mahimbo, mchoma matofali. Huyu alijaliwa ubishi. Akisema hapana, hata mkewe alikuwa anaacha kubishana, anakwenda kulala.

Ndahani ana binti, Semeni, wa darasa la pili. Gari lilimgonga pale shuleni likamvunja mguu, mguu ukaunga vibaya, na sasa anatembea kwa magongo. Ndahani akaandika barua ya kuomba tuta la kupunguza mwendo wa magari, akaipeleka kwenye ofisi ya barabara mjini, mwendo wa saa nne kwa miguu. Mara ya kwanza bosi yuko kikaoni. Mara ya pili barua haina muhuri, nikaigonga. Mara ya tatu muhuri umegongwa pasipotakiwa. Mara ya kumi na moja barua imepotea. Ndahani akatoa nakala kifuani, akaiweka mezani.

"Mama, wewe huchoki?" karani akamuuliza.

"Nachoka sana, baba. Lakini nikikaa nyumbani nachoka zaidi."

Mara ya kumi na nne aliyechoka ni karani. Akaipeleka barua kwa bosi kwa mkono wake.

Wakaja watu wawili na fomu. Wakageuza karatasi zao, wakatwambia hapa Itundwe hakuna ajali zilizoandikwa, na pasipo na ajali hapawekwi tuta. Ebo! Mzee Lubeleje akaweka chini kiatu alichokuwa anakishona.

"Andika," akasema. "Chilewa, Jumanne, saa mbili asubuhi, lori la mbao. Alikuwa na ndoo ya maji. Mama Yohana na mtoto mgongoni, siku ya mnada, basi jeupe. Alikuwa amenunua sufuria mpya. Andika, kijana, mbona unanitazama?"

Yule kijana aliandika mpaka mtu wa kumi na mbili, mkono ukasimama.

"Bado saba," Mzee akasema.

Alipomaliza, wakasema wameelewa, tusubiri. Tukasubiri. Unajua kusubiri kwa mtu wa kijijini? Hakuna tarehe. Unaamka, unauliza, unalala.

Tukiwa katika kusubiri huko, Mbeleje, mke wa Mahimbo, akagongwa akitoka kupalilia kaburi la mama yake. Akawa wa ishirini. Siku ya kuzika, Mahimbo mwenyewe alishika jeneza mbele. Tukafika ukingoni, mtu akapiga kelele "Sasa!", wachukuzi wakaanza kukimbia, na Mahimbo hakukimbia. Jeneza likaenda upande. Walipofika katikati ya lami akasema, "Shusheni."

"Mahimbo, tutakufa wote hapa!"

"Shusheni. Mke wangu leo hakimbizwi."

Wakamshusha juu ya ule mstari mweupe. Malori yakasimama, mabasi yakasimama, foleni ikapanda mpaka kule kilimani. Na ndani ya foleni, wanangu, alikuwemo yule bosi wa barabara, anakwenda safari zake. Akashuka, akavua kofia.

"Poleni sana kwa msiba. Naombeni mtupishe."

"Tuta," Mahimbo akasema.

"Ndugu yangu, hilo lina utaratibu wake."

"Hata mimi nina utaratibu. Nimekaa."

Akakaa kweli, chini, pembeni ya jeneza. Jua la saa nane. Bosi akatazama foleni, akatazama jeneza, akaapa mbele yetu sote kwamba tuta litakuja wiki ileile. Ndipo tukambeba Mbeleje, tukamvusha taratibu, hatua kwa hatua. Nililia kuliko nilivyolia msibani. Sikuwa nimewahi kuona mtu wa kwetu akizikwa hivyo.

Mpaka hapo ni rahisi. Bila miguu ya Ndahani, asingekuja mtu kutuuliza. Bila kumbukumbu ya Mzee, wangerudi na fomu tupu. Bila ubishi wa Mahimbo, mpaka leo tungekuwa tunasubiri. Tuta ni lao watatu, na mtu asibishe.

Alhamisi likaja lori la lami ya moto, linafuka moshi, na injinia kijana mpole. Na vijana wawili wa bendera nyekundu. Siku ile magari yote yalitembea kwa adabu, ungedhani yamefundishwa na bibi zao.

"Shikamoo, mwenyekiti. Nionyeshe mahali."

"Marahaba, mwanangu. Mahali ni patatu. Shuleni, bombani, makaburini."

Akainamisha kichwa. "Mama, nimepewa tuta moja."

"Ligawe."

"Nikiligawa mara tatu yatakuwa matuta ya kuchezea watoto. Lori litapita juu yake dereva anasinzia."

"Liweke katikati basi."

"Mama, sitakudanganya. Dereva akishavuka tuta anakanyaga mafuta, afidie muda aliopoteza. Penye tuta watapona. Kwingine hali itakuwa mbaya kuliko jana."

"Na hayo mengine tutayapata lini?"

"Andikeni barua."

Ndahani alikuwa amesimama nyuma yangu. Akacheka, kicheko cha kukata tamaa. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Mwenyekiti, shuleni. Semeni kwa magongo anavuka hatua ishirini na sita. Nimezihesabu. Wenzake wanakimbia, yeye anabaki katikati peke yake."

Mzee Lubeleje akasema, "Mwanangu, nakuhurumia, lakini mke wangu masikio yamekufa. Kila alfajiri anakwenda bombani, honi hasikii. Nimemkataza, anasema basi teka wewe, na mimi magoti haya hayabebi ndoo. Wale kumi na tisa niliowataja niliwaona kwa macho yangu. Msinifanye nimwone na yeye."

Nikamgeukia Mahimbo. "Wende," akasema. Wende ni binti yake, ana miaka minne. "Tangu tumemzika mama yake, nikigeuka tu, ameshavuka. Namkuta ameketi kaburini anamsubiri atoke. Nikimfunga ndani analia mpaka anatapika. Mimi nachoma matofali, mwenyekiti, siwezi kumshika mkono mchana kutwa."

Nikasema tupige kura. Mahimbo akanitazama. "Kura tunapigia nyama ya mbuzi, mama, si roho za watu." Nikaona aibu.

Nikawaza kuwaambia wapatane wenyewe. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu. Kila mmoja alikuwa amewasikia wenzake. Ndahani alikuwa akimpeleka Wende nyumbani mara nyingi tu. Mzee ndiye aliyemchongea Semeni magongo. Mahimbo alikuwa akimbebea yule bibi ndoo za maji akipata nafasi. Hakuna aliyeweza kusema "langu" mara ya pili, na hakuna aliyeweza kusema "nimeacha".

"Mama," injinia akaita, "lami inapoa. Ikipoa haitandikiki, narudi nayo, na sijui kama watanipa nyingine."

Akanipa mfuko wa chokaa. Pale nitakapoichora, ndipo watakapomwaga.

Nikawatazama wale watatu. Ndahani akatazama miguu yake. Mzee akafumba macho. Mahimbo, yule mbishi, akasema kwa sauti ndogo, "Chora tu, mwenyekiti. Hatutakulaumu." Loo, heri angenitukana! Mfuko ulikuwa umetoboka, chokaa ikawa inamwagikia miguuni pangu, na moshi wa lami unazidi kupungua. Vijana wa bendera wakaanza kutazama saa.

Msiniambie niwashtaki wakubwa, nimeshawashtaki kwa wakubwa wao. Msiniambie Mungu atawalinda, alikuwepo hata siku ya Mbeleje. Na msiniambie nani alifanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu nimeipima kila usiku na mizani haijalala upande wowote.

Basi rudini nami pale: nina chokaa mkononi. Juu yuko Semeni na magongo yake, katikati yuko bibi asiyesikia, chini yuko Wende na mama yake. Mmoja nitamlinda, wawili nitawaongezea hatari, na wote watatu nitaendelea kukutana nao njiani.

Haya, wewe uliyekaa kimya hapo. Ungeimwaga wapi?